Mnaoanza kazi duka la jumla: hesabu kwanza, ubishi baadaye

Nimeandika hii usiku baada ya kufunga, manake mchana nilishindwa kuongea bila kupaza sauti. Leo mzee mmoja karudi na katoni ya biskuti, kasema ndani zimo pakiti 22 badala ya 24. Kijana wetu, ana wiki tatu tu kazini, hata hajaishika ile katoni akamjibu "mzee sisi hapa tunauza katoni, hatujui vya ndani". Mzee kasimama na kofia yake mkononi. Nikaivuta, nikageuza chini, gundi ya juu ya kiwandani lakini chini pamebandikwa soltepu mpya. Ni sisi wenyewe. Juzi kuna mtu aliomba pakiti mbili za rejareja, mmoja wetu akafungua kwa chini, akatoa, akafunga tena, akairudisha kwenye mlima wa katoni nzima.

Nawapenda nyie vijana, kweli kabisa, mnaamka saa kumi usiku kuwahi daladala kutoka Chanika na Kivule na hamlalamiki. Ila mnarudia makosa ambayo mi niliyafanya hapa hapa Kariakoo tangu 2011 na yalinigharimu. Kwaiyo someni.

1. Salamu kwanza. Mtu mzima shikamoo, hata kama foleni imefika mlangoni, haichukui hata sekunde mbili. Simu iwe mfukoni.

2. Neno "hamna" lisitoke mdomoni kabla hujaenda stoo. Mteja katoka Bunju na kirikuu amekodi, unamwambia hamna tambi, anaenda duka la jirani, baada ya dakika kumi kuli anakuja kukuambia tambi zipo nyuma ya mifuko ya ngano. Kama kweli imeisha mwambie imeisha, na mwambie inaingia lini, na kama hujui inaingia lini muulize bosi usijitungie siku.

3. Mteja akirudi akasema mzigo wake haujatimia, nenda kahesabu. Usijibu chochote kabla ya kuhesabu. Hapa ntakaa kidogo.

Ilikuwa 2014, wiki ya mwisho kabla ya Ramadhani, na wanaojua Kariakoo wanajua wiki hiyo ilivyo, sukari, tende, tambi, ngano, mafuta, watu wanagombania kuli. Kulikuwa na mama mmoja wa Mbagala, mteja wetu wa kila Jumanne, anakuja na khanga mbili na daftari dogo la shule, anasoma oda yake polepole na we unaandika. Siku hiyo alichukua sukari mifuko mitatu, katoni nne za sabuni na ndoo nne za mafuta za lita 20. Alilipa keshi, noti zimefungwa kwenye pindo la khanga, alizifungua moja moja. Mi nikachukua makapeni nikaandika MBG juu ya mifuniko ya zile ndoo nne, ndo utaratibu wetu mpaka leo, mzigo uliolipiwa unaandikwa. Alafu kuli akaanza kutoa. Mi nilikuwa nahudumia watu wengine watatu kwa wakati mmoja. Kuli akapiga kelele "mafuta nne!" nami nikaweka tiki nne bila kuinua kichwa. Guta likaondoka.

Saa nane mchana akarudi. Peke yake, kwa daladala, jua lile. Akasema "mwanangu, ndoo zimefika tatu". Hakugomba, alisema tu. Na mimi, kwa sababu nimechoka, kwa sababu foleni inaniangalia, kwa sababu nina karatasi yenye tiki nne kwa mkono wangu, nikanyoosha kidole kwenye lile tangazo la ukutani, mali ikishatoka dukani haturudishi. Akasema haijatoka mwanangu, hiyo moja haijatoka. Ndo nikasema neno ambalo nalikumbuka kila Ramadhani ikikaribia. Nikamwambia "nyie wateja wa mbali ndo zenu, mnashusha mzigo njiani alafu mnakuja kudai huku". Mbele ya watu kama kumi na tano. Kuna mtu kwenye foleni akaguna. Yule mama akakunja risiti mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga pale pale zilipokuwa hela asubuhi, akasema "haya baba", akatoka.

Usiku tunafunga stoki, mafuta yanazidi ndoo moja. Nikahesabu tena, imezidi. Nikaenda na tochi ya simu nyuma ya mifuko ya chumvi, ndoo ipo, imesogezwa pembeni kupisha mtu, na juu ya mfuniko imeandikwa MBG. Mwandiko wangu. Ile G yangu ina mkia mrefu, huwezi kuikosea.

Nilimwambia bosi usiku ule ule, hilo angalau nililifanya. Hakunifokea. Aliniambia kesho usije kufungua, nenda Mbagala. Namba ya simu yake hatukuwa nayo, miaka yote ile hakuna aliyemwomba. Nikapanda gari la Rangi Tatu na ndoo ya lita 20 miguuni, nikaanza kuuliza genge kwa genge, mama mnene kidogo, anavaa khanga mbili, anachukua mzigo Kariakoo kila Jumanne. Unajua Mbagala ni kubwa kiasi gani? Siku ya kwanza sikumpata. Nikarudi siku ya pili, nikampata saa tisa ndani kabisa kuelekea Kijichi, anapima mafuta kwa kipimo cha robo.

Alinipa kiti. Aliniletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati. Nikaomba msamaha, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Akaniambia hela ya ile ndoo ilikuwa ya kikoba, na siku ile ilibidi akope kwa jirani ili apeleke rejesho. Alafu akasema, nanukuu kama alivyosema, "Ndoo nimepokea mwanangu, na nimekusamehe. Ila lile neno ulilonambia mbele za watu bado ninalo."

Hakurudi tena dukani. Faida yetu kwenye ndoo ile ilikuwa haifiki buku mbili.

Kwaiyo mkiniona namshika kijana mkono na kumwambia nenda kahesabu kabla hujafungua mdomo, mjue natokea wapi. Dakika tano za kwenda stoo. Ukikuta mteja kakosea, unarudi unamwambia kwa upole, mama tumehesabu huku mzigo wetu uko sawa, hebu tumpigie wa guta. Ukikuta wewe ndo umekosea, unambebea mwenyewe mpaka kwenye usafiri, kwa mkono wako, usimtume kuli. Na chukua namba ya kila mteja anayekuja mara ya pili.

4. Malipo ya simu. Angalia simu ya duka, usiangalie ya mteja, meseji za kutengeneza ni nyingi sana sa hizi. Lakini mtandao ukisumbua usimtazame mtu kama tapeli. Mwambie "tusubiri kidogo meseji ya huku iingie", mpe kiti, hudumia anayefuata. Wengi ni watu wema wanaotaka kuwahi nyumbani.

5. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, toa, na toa ya kiasi kile kile alicholipa. Hizi mashine zipo tangu 2010, hakuna tena kisingizio cha kutozijua. Naona mnampa mtu mzigo wa laki nane na risiti ya laki mbili mnadhani mmemsaidia bosi. Yule mteja akisimamishwa na maafisa wa kodi wa TRA pale Msimbazi na mzigo wake, anahangaika yeye. Mei 2023 maduka yalifungwa hapa kwa mgomo wa mambo ya kodi mpaka Waziri Mkuu Majaliwa akaja kukutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja, na kero zilizosemwa zilikuwa za kweli, nami nilikuwepo. Ila siku zile nilipata simu za wateja wa Tandahimba na Ifakara wamekwama gesti, hela inaisha, wananiuliza kaka mnafungua lini. Mvutano wetu na kodi usimuangukie mtu aliyepanda basi usiku kucha kuja kununua.

6. Bidhaa ikiadimika. Mapema 2024 sukari ilipotea, mvua za El Niño zilijaza maji mashamba ya miwa, viwanda vikashindwa kuvuna, bei ikapaa mpaka serikali ikatangaza bei elekezi. Kuna maduka yalianza kusema ukitaka mfuko wa sukari chukua na katoni mbili za sabuni. Wetu mmoja naye akajaribu, nikamsimamisha hapo hapo. Mama lishe anataka sukari ya chai, sabuni katoni mbili akaziweke wapi? Tulichofanya, tulibandika karatasi mlangoni, mfuko mmoja kwa mtu, bei hii, ukiisha umeisha. Kulikuwa na manung'uniko lakini hakuna aliyeondoka anahisi kaibiwa. Na wale wa siku zile ndo wanaokuja sa hizi.

7. Mzigo mpya nyuma, wa zamani mbele, na soma tarehe. Maziwa ya unga na juisi hasa.

8. Mfuko uliza kwanza kama anataka, tangu Juni 2019 ile ya plastiki ya bure haipo, mbadala ni hela, usimwekee mtu kwenye bili kimya kimya.

9. Mizani ifute kila asubuhi, na isome sifuri mbele ya macho ya mteja kabla hujaweka kitu. Asikuombe, we mwonyeshe.

Yule mzee wa biskuti tulimbadilishia katoni, tukaifungua mbele yake akahesabu mwenyewe, 24. Kijana wetu ndo aliyembebea mpaka kituoni, nilimwona akiinama anaongea naye, sijamuuliza walisema nini.

Kesho mzigo wa ngano unaingia, saa kumi na mbili kamili asubuhi muwe mlangoni. Kila mtu aje na makapeni yake.