Kiti cha mtoto ndani ya gari-nyumba: kutoka Minneapolis hadi Seattle

SWALI: Mtaalamu, tunakusalimu kutoka Minneapolis. Mwezi wa saba tunatarajia kukodi gari-nyumba, haya yanayoitwa RV huku Marekani, twende Seattle kumwona shemeji yangu huku tukipitia Badlands, ile mbuga ya taifa yenye miamba iliyomomonyoka huko Dakota Kusini. Tutakuwa watu wazima watatu, yaani mimi, mume wangu na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Arusha, pamoja na binti yetu wa miezi 22 mwenye kilo 12. Gari tuliloonyeshwa lina kitanda nyuma, kochi ubavuni, na meza ya kulia yenye mabenchi mawili yanayotazamana. Mama anasema kwamba safari ni ndefu mno kwa mtoto kufungwa kitini, hivyo alale naye kitandani gari likiwa linakwenda, au ampakate kwenye kochi. Je, inafaa? Na kama haifai, kiti cha mtoto tukifunge wapi, maana sikuona zile ndoano za chini za kushikia kiti cha mtoto zilizomo katika gari letu la kawaida?

JIBU: Dada, ahsante kwa kuuliza kabla ya kulipa, kwa sababu jibu la swali lako ndilo linalopaswa kuamua mkodi gari gani. Mtoto asilale kitandani gari likiwa katika mwendo, na asipakatwe kwenye kochi, hata kwa kile kipande kifupi cha kutoka kituo cha mafuta hadi kambini. Kazi yangu ni kukagua na kufunga viti vya watoto garini, na hakuna gari linalonitia wasiwasi kama gari-nyumba, kwa kuwa limefanana mno na sebule hata mtu akasahau kwamba sebule hiyo inakwenda kilomita 100 kwa saa.

Nianze na hoja ya kupakata, maana Mama ameisema kwa upendo na anastahili kujibiwa kwa hesabu badala ya amri. Gari linalokwenda kilomita 50 tu kwa saa likigonga kitu kisichosogea, na sehemu yake ya mbele ikabonyea kiasi cha sentimita 60 hadi likasimama, mwili wa mtoto wa kilo 12 huvutwa mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200. Hakuna mikono inayoweza kuuzuia mzigo huo, iwe ya bibi au ya mchukuzi wa magunia sokoni. Mbaya zaidi ni kwamba aliyempakata mtoto bila kufunga mkanda humwangukia kwa uzito wake wote, na aliyefunga mkanda akamweka mtoto ndani ya mkanda huo huo humbana mtoto kati ya mwili wake na mkanda. Mwelezeni Mama hivyo, kwa utulivu na mapema, siku kadhaa kabla ya safari, ili siku ya kuondoka asione kwamba anakatazwa kumshika mjukuu wake mbele za watu.

Kochi la ubavuni lina hatari yake ya pekee. Mara nyingi limewekewa mikanda, na mikanda hiyo ndiyo inayowapotosha watu. Viti vya watoto hujaribiwa vikiwa juu ya benchi linalotazama mbele, na vitabu vya maelekezo vya watengenezaji hukataza kuvifunga kwenye kiti cha gari kinachotazama ubavuni au kinachotazama nyuma. Hata kanuni ya serikali ya shirikisho ya Marekani namba 207, inayohusu uimara wa viti vya magari, imeviacha nje viti vya ubavuni. Naomba hapa usichanganye mambo mawili: binti yako anapaswa kukaa akiwa ameupa mgongo upande wa mbele wa gari, lakini kiti chake kifungwe juu ya kiti cha gari kinachotazama mbele.

Kwa hiyo, kati ya mabenchi mawili ya mezani, moja tu ndilo la kufikiriwa, lile ambalo anayelikalia huwa anamtazama dereva. Lile jingine linalotazama nyuma liondoeni katika mpango, hata kama lina mikanda mipya.

Benchi hilo moja nalo halikubaliki mpaka lichunguzwe. Nyanyua mto wa kukalia ufuate mkanda hadi mwisho wake. Katika magari yaliyoundwa vizuri utakuta mkanda umefungwa kwa bolti kwenye fremu ya chuma iliyoshikamana na chasisi. Katika mengine utakuta benchi lote ni sanduku la plaiwudi lililofunika tangi la maji, na mkanda umeshikiliwa na skrubu au kipande cha bati chembamba. Sanduku la namna hiyo linaweza kupasuka au kung'oka kwa ajali ambayo kiti cha mtoto chenyewe kingeistahimili bila shida. Kwa kuwa sehemu kubwa ya muundo haionekani kwa macho, chukua namba ya chasisi umwandikie mtengenezaji wa gari-nyumba, si kampuni ya kukodisha peke yake, umuulize mambo mawili: je, mahali hapo pamehesabiwa rasmi kuwa ni kiti cha abiria gari likiwa katika mwendo, na je, anaruhusu kiti cha mtoto kifungwe hapo? Jibu litake kwa maandishi. Mtengenezaji akikataa au akikaa kimya, gari hilo halifai kwa safari yenu, hata bei yake ikiwa nzuri kiasi gani.

Kuhusu ndoano za chini, hukukosea kuona. Hazimo katika mengi ya magari haya. Tangu Septemba 2002 magari madogo mapya yanayouzwa Marekani yamelazimika kuwa na vishikizo hivyo kwa kanuni namba 225, lakini kanuni hiyo inahusu magari yasiyozidi pauni 8,500, yaani takriban kilo 3,855 pamoja na mzigo, na magari-nyumba mengi yanapita kiwango hicho. Kukosekana kwa ndoano si tatizo kwa lenyewe, kwa sababu kiti cha mtoto kinaweza kufungwa vyema kwa mkanda wa gari, hata ule wa kiunoni peke yake, ilimradi mkanda huo ujifunge na kubaki umekaza. Ninachokihofia zaidi ni kukosekana kwa kishikizo cha juu, kile cha nyuma ya kiti ambacho huunganishwa na mkanda wa juu wa kiti cha mtoto anayetazama mbele. Bila mkanda huo kichwa cha mtoto hurushwa mbele zaidi, na shingo ya mtoto wa umri huu bado ni dhaifu. Hii ndiyo sababu ya kiufundi, mbali na sheria, inayonifanya nisisitize kwamba binti yenu aendelee kukaa mgongo mbele: viti vya hapa vya kukaa namna hiyo kwa kawaida havitegemei mkanda wa juu, na ganda lake huubeba mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja.

Sheria nayo iko upande huo huo. Minnesota, tangu Agosti 1, 2024, inamtaka mtoto akae mgongo mbele angalau hadi atimize miaka 2, isipokuwa kama amezidi uzito au urefu wa kiti chake, na jimbo la Washington mnakokwenda lina sharti kama hilo tangu 2020. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri kuendelea hata baada ya umri huo, hadi mtoto afikie kikomo kilichoandikwa kwenye kiti. Miezi 22 na kilo 12 bado uko ndani kabisa ya kikomo cha viti vingi.

Mkishapata benchi lililoidhinishwa, kiti kikifungwa kishike pale mkanda unapopita ukitikise upande kwa upande. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Mito ya mabenchi haya huwa imeshikizwa kwa utepe wa kunata tu, nayo ikiteleza, kiti hulegea baada ya saa chache, kwa hiyo kikague kila mnaposimama. Migongo ya mabenchi huwa imesimama wima, hivyo angalia kipimo cha mwinamo kilichoko ubavuni mwa kiti cha mtoto kama kinakubali. Meza yenyewe iondoeni na kuifunga mahali isipoweza kuruka, wala isibaki mbele ya mtoto. Mikanda ya mtoto ikaze mabegani hadi usiweze kuifinya ikakunjika kati ya vidole, na kifungo cha kifuani kiwe usawa wa kwapa. Kiti cha abiria kando ya dereva kisiwe njia ya mkato: mahali penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, mtoto aliyekaa mgongo mbele hawekwi kamwe.

Sasa nikueleze maoni yangu kwa uwazi. Kama mimi ndiye ningesafiri na mtoto huyu, nisingekodi gari-nyumba lenye injini yake. Ningekodi nyumba ya kukokotwa, nikaivuta kwa gari lenye viti kamili vya nyuma, ambavyo vina ndoano, kishikizo cha juu na mifuko ya hewa iliyojaribiwa. Ninyi ni wanne, kwa hiyo mnatosha: Mama akae mbele aionee raha mandhari ya Badlands, nawe ukae nyuma kando ya mtoto. Hakuna anayekaa ndani ya nyumba hiyo ikivutwa, hata mara moja. Gharama yake ni kujifunza kurudi nyuma nayo na kuzoea upepo wa pembeni katika nyanda za Dakota Kusini na Montana, ambao huisukuma kama tanga. Soma katika kitabu cha gari lenu uzito linaoweza kuvuta, na hakikisheni kwamba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa nyumba hiyo inaelemea kwenye ndoano ya kuvutia, kwa kuwa ikiwa nyepesi mno mbele, mkia huanza kuyumba. Mume wako afanye mazoezi katika uwanja mtupu kabla ya siku ya safari.

Njia yenu, kwa barabara ya I-90, ina takriban kilomita 2,900. Igaweni katika siku saba au nane, na kila baada ya saa mbili simameni, mtoto atoke kitini, anyooshe miguu na kukimbia. Kubadilisha nepi, kunyonyesha na kufuata kikombe kwenye friji hufanywa gari likiwa limesimama. Hilo linamhusu mama mtu pia, kwa sababu mtu mzima anayetembea ndani ya gari lililofunga breki ghafla humwangukia mtoto aliyefungwa vizuri. Karibu na Butte mtavuka Homestake Pass, yenye urefu wa mita 1,929 juu ya usawa wa bahari, na mteremko wake uteremkwe kwa gia ya chini ili breki zisichemke.

Jambo linalowachosha wazazi kuliko milima ni saa. Mtavuka kanda mbili za saa, moja katikati ya Dakota Kusini na nyingine mpakani mwa Montana na Idaho, na mwili wa mtoto hautajua. Kama amezoea kulala saa moja jioni Minneapolis, akiwa Seattle usingizi utamjia saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado juu kabisa kwa msimu wa Julai. Msogezee ratiba kwa dakika kumi na tano au ishirini kila siku, na jioni fungeni mapazia mapema.

Usiku, mtoto alale katika kitanda chake cha kukunja kilichowekwa sakafuni, asilale katika kitanda cha juu ya chumba cha dereva, kwa kuwa vitanda vya juu haviwafai watoto walio chini ya miaka 6. Jaribuni king'ora cha kaboni monoksidi na kile cha propani, yaani gesi ya kupikia, kila mnapofika kambini. Cha propani kiko karibu na sakafu kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, pale pale mtoto anapolala. Jenereta isiachwe ikiunguruma watu wakiwa wamelala, na mtungi wa propani ufungwe gari likiwa njiani. Kabla ya kumwogesha mtoto, pima maji ya bomba kwa kipimajoto, kwani hita za magari haya zinaweza kufikia nyuzi 60 za selsiasi, joto linaloichoma ngozi ya mtoto kwa sekunde chache tu. Changanyeni maji kwenye beseni.

Siku ya kwenda kusaini mkataba, iwe wa gari-nyumba au wa nyumba ya kukokotwa, nendeni na kiti cha mtoto mkononi, na kama mnaweza, mwende na fundi wa viti vya watoto mwenye cheti. Mafundi hao wapo katika miji yote miwili na wengi hukagua bila malipo. Kifungeni pale pale uani, mkitikise, na mtoto akikalie. Kisipotulia, msisaini.