Kabla hujanunua studi ya Datsun, angalia meno

Mdogo wangu unayeanza kazi ya gereji hapa Mwanza, siku moja unaweza kuletewa Datsun 240Z. Ni gari lililoshinda mashindano ya Safari Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973, na wenye nayo wanaipenda kama mtoto. Kwenye studi za magurudumu yake, zile boliti zinazofungwa nati za gurudumu, mimi niliumia, wewe usiumie.

Maduka ya spea huku yamejaa vitu vya Toyota. Studi za Toyota nyingi unene ni milimita 12, na kutoka jino hadi jino ni milimita 1.5. Za Datsun nazo ni milimita 12, ila jino hadi jino ni 1.25. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nilichukua nati ya Toyota kwenye kopo, nikaianza kwa vidole, ikazunguka mara mbili ikagoma. Nikaweka spana, nikaikanyaga. Nilipoifungua ilitoka na nyuzi za chuma zinazong'aa kama dagaa wabichi, studi imebaki kipara. Gari ni la watu, na studi yake mjini hakuna. Mpaka leo linaniuma.

Kwa hiyo nati isipoingia kwa vidole mpaka iguse rimu, itoe. Ukienda dukani beba studi ya zamani, ilaze ubavuni mwa mpya, meno yaingiliane. Ukiona mwanga katikati, irudishe. Pima pia kwa venia, kile kipimo cha unene, ile sehemu yenye mistari chini ya kichwa, kwani ndiyo inayong'ang'ania habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ikiwa nyembamba, studi itazunguka pamoja na nati. Mtu akikushauri uichomelee, kataa kabisa, moto unaua ugumu wa chuma na itakatika barabarani.

Gurudumu la mbele, kalipa, ile inayoshika pedi za breki, ifunge kwa waya isining'inie kwenye mpira wa breki. Vua habu, studi mbovu itoe kwa presi, ile mashine ya kusukumia. Mpya ivute kwa nati ya zamani iliyogeuzwa, chini yake washa kadhaa zilizopakwa grisi, taratibu kwa mkono, mpaka kichwa kilale bapa nyuma ya habu. Ukirudisha habu, weka spliti pini mpya, ile inayozuia nati ya habu isifunguke.

Nati kaza kwa mtindo wa msalaba, moja kisha inayoikabili. Ukilijaribu gari kuelekea Magu, simama Kisesa uzipitie zote kwa spana, na ukirudi, magurudumu yakishapoa, zipitie tena.