Tableti inakataa tovuti: jua kwanza nani amezuia

Dadangu, kwa vile umesema tableti ya mwanao hapo Kisauni inakataa tovuti za masomo lakini simu yako inazifungua, usikimbilie fundi wa mjini. Zima waifai ya nyumbani, uiwashie tableti hotspoti ya simu yako, kisha jaribu tovuti ile ile. Ikifunguka, yaelekea kizuizi kiko kwenye ruta ya nyumba, kile kifaa kinachosambaza waifai. Muombe mwenye waifai aitoe tovuti hiyo kwenye orodha ya zilizofungwa.

Ikigoma bado, kizuizi kimo ndani ya tableti. Nina shaka na Family Link, programu ya Google ya mzazi kudhibiti kifaa cha mtoto, hasa kama akaunti ilisajiliwa ya mtoto. Ifungue kwenye simu ya mzazi, nenda sehemu ya Chrome (kivinjari cha kufungulia tovuti), uongeze tovuti hizo kwenye zilizoruhusiwa. Usifungue zote, tafadhali. Angalia pia DNS ya faragha (huduma inayotafuta anwani za tovuti, na inayoweza kuzizuia) kwenye mipangilio ya mtandao (ipo tangu Android 9). Kama kuna jina mtu aliliandika humo, rudisha kwenye otomatiki.

VPN za bure, zile programu za kukwepa vizuizi kwa kupitisha intaneti kwenye kompyuta za wengine, usimwekee mtoto kabisa. Mawasiliano yake yote yatapitia kwa watu usiowajua.