Je, Fundo la Msuguano Linaaminika Juu ya Mti?

SWALI: Ninakusanya mbegu za miti kwa ajili ya vitalu, na hupanda kwa kamba moja ya milimita 11 nikitumia fundo la Prusik, yaani kitanzi cha kamba nyembamba kinachozungushwa kwenye kamba kuu. Hivi karibuni, nilipoketi kwenye mkanda wa kupandia uliofungwa mwilini, fundo liliteleza kiasi cha shibiri moja kabla ya kushika. Wenzangu wanasema ni kawaida. Je, niendelee kuliamini?
Msomaji, Lushoto

JIBU: Ndugu msomaji, fundo hili, ambalo Karl Prusik wa Austria aliwaeleza wapanda milima mwaka 1931, linaaminika kwa masharti, na kuteleza huko ni onyo usilopaswa kulipuuza. Uzito wako unapovuta kitanzi, mizunguko huibana kamba kuu na kuipinda kidogo, na mbano huo ndio unaokushikilia. Chochote kinachouzuia kinakuondolea usalama wote.

Kagua kwanza kitanzi chenyewe. Kwa kamba yako, kitanzi laini cha milimita 8 kinafaa, ilhali kilicho kinene karibu sawa na kamba kuu, au kilichokakamaa kwa jua na utomvu, hakijikunji vizuri. Mizunguko mitatu ilale sambamba, pasiwe na mmoja uliopanda juu ya mwenzake, nawe uikaze kwa mkono kabla ya kuipa uzito. Kisha ning'inia nusu mita tu kutoka ardhini na ujitikise: likiteleza, lifunge upya au uongeze mzunguko, wala usipande kabla halijashika papo hapo. Kamba ikilowa, rudia jaribio hilo.

Hatari ninayoihofia zaidi, hata hivyo, imo mkononi mwa mpandaji. Mtu akishtuka hudaka kilicho karibu naye, na kilicho karibu ni fundo; akilikamata kwa juu analizuia lisibane, nalo huteremka pamoja naye likizidi kupata moto. Nailoni huyeyuka kwenye nyuzi joto 220 hadi 260 hivi za Selsiasi, kutegemea aina yake, na hupungua nguvu kabla ya kufika hapo. Fungua kitanzi chako, upitishe kidole upande uliokuwa ukigusa kamba kuu: ukikuta pamekuwa pagumu na panang'aa, kitupe leo hii.

Kwa sababu hiyohiyo, usishuke kwa Prusik peke yake. Tumia kifaa cha kushukia, na Prusik ikae chini yake kama kinga, kitanzi kikiwa kifupi kiasi cha kutokigusa kifaa, maana kikikigusa husukumwa na kuachia.

Prusik ya pili si kinga ya kutosha wakati wa kupanda, kwa kuwa utelezi ulioiponza ya kwanza utaiponza nayo. Afadhali ufunge fundo la nane (lenye umbo la tarakimu 8) kwenye kamba kuu chini yako, ulinase kwenye mkanda kwa karabina (pete ya chuma inayofunguka) yenye kufuli, na ulifunge jingine juu zaidi kila baada ya mita chache. Ukiyafikia matawi yenye mbegu, jifunge kwenye shina kwa kamba ya pili kabla hujachomoa msumeno, kwa sababu hakuna fundo linaloweza kukuokoa kamba iliyokubeba ikikatwa.