Antivirusi ya mbali: anza na kompyuta iliyonyamaza

Kama wateja wako wametawanyika Mtwara mjini, Lindi, Masasi na kule juu Newala na Tandahimba, huwezi kuzifikia kompyuta zao zote kwa basi. Ndiyo maana mafundi wengi huku Kusini tumehamia kwenye mifumo ya kusimamia kompyuta kwa mbali. Unaweka programu ndogo ya wakala kwenye kila mashine, nayo inakuletea taarifa kwenye dashibodi moja: antivirusi ipo au haipo, imeapdetiwa lini, skani ya mwisho imekuta nini. Kazi hii ndiyo inayonilisha, na fundi anayeanza nikikutana naye humwambia asikimbilie mashine zenye alama nyekundu. Aanze na zile ambazo hazijasema kitu.

Mashine nyekundu imeshakueleza shida yake. Kirusi kimekamatwa, kimewekwa karantini, unajua pa kuanzia. Lakini mifumo mingi hushikilia hali ya mwisho iliyoipata. Kompyuta iliyokuwa kijani wiki tatu zilizopita inaweza kubaki kijani mpaka leo, hata kama tangu siku hiyo haijagusa intaneti. Kwa hiyo ipange dashibodi yako upya: safu ya kwanza iwe lini mashine imeonekana mara ya mwisho, ya pili iwe tarehe ya apdeti ya antivirusi. Rangi zije baadaye. Msimu wa korosho, mashine ikipitisha siku saba bila apdeti, mimi napiga simu.

Simu zenyewe huwa za namna hii. Karani wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, mama mtu mzima:

"Shikamoo mama. Ile kompyuta ya ghalani bado mnaitumia?"

"Marahaba mwanangu. Kila siku tunaitumia, kwani vipi?"

"Tangu wiki iliyopita haijaniletea taarifa."

"Aa, bando liliisha. Tunaandika humo humo, jioni tunahamisha kwa flashi kwenda kwenye ile ya ofisini."

Hapo umepata kila kitu. Mashine isiyo na intaneti ndiyo inayopokea flashi, na flashi hiyo hiyo imepita steshenari asubuhi kuprinti fomu. Kirusi cha shotikati kinaishi kwa njia hii. Unafungua flashi, mafolda yako huyaoni, kuna shotikati moja tu yenye jina la flashi yenyewe. Karani anaibonyeza, mafolda yanafunguka kama kawaida, naye anaendelea na kazi. Kirusi kimeshaingia. Na kompyuta ile ina majina ya wakulima, kilo zao na namba za akaunti za benki, kwa sababu chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo korosho huuzwa zikiwa ghalani, malipo ya mkulima hupitia benki. Msimu mzima wa familia ya mtu umekaa kwenye mashine ambayo dashibodi inaionyesha kijani.

Dawa yake unaweza kuituma kwa mbali kama sera, yaani mpangilio unaoutuma kutoka kwenye dashibodi, mradi uitume mashine ikiwa bado hewani. Amuru antivirusi iskani flashi inapochomekwa, na izuie programu isiyo na saini ya kidijitali ya mtengenezaji kujiendesha kutoka kwenye flashi. Microsoft Defender, ile inayokuja na Windows 10 na 11, inayo kanuni ya kuzuia jambo hilo la pili. Ukiiwasha, inaendelea kufanya kazi hata bando likiisha.

Kuhusu bando lenyewe, angalia mpangilio mmoja ambao watu wengi wanaupita. Intaneti ya modemu au ya simu ikiwekwa kwenye Windows kama intaneti ya kupimwa (metered), apdeti nyingi huahirishwa, na za Defender zimo. Kwenye sera, ruhusu apdeti za kutambua virusi zipite hata kwenye intaneti ya aina hiyo, na zile kubwa za Windows uziache zisubiri siku mashine ikiwa kwenye mtandao wa ofisi. Apdeti ndogo za kila siku si mzigo. Mzigo unakuja mashine ikikaa muda mrefu bila kuapdetiwa, ikalazimika kushusha kifurushi kizima, ambacho kwa Defender kinazidi megabaiti 100.

Ratiba ya skani nayo usiichukue kama ilivyokuja. Mifumo mingi imepangwa na watu ambao ofisi zao huacha kompyuta zinawaka usiku kucha. Huku kwetu karani anapoondoka anazima hadi swichi ya ukutani, na anafanya vizuri, maana umeme ukirudi kwa kishindo usiku unaunguza vifaa. Skani ya saa tisa usiku haitafanyika hata siku moja. Muda uliofaa kwa wateja wangu ni Ijumaa mchana, watu wanapokwenda msikitini: kompyuta zinawaka, hakuna anayezigusa. Weka pia kwamba skani iliyokosa muda wake ifanyike mashine itakapowashwa, na upunguze nguvu ya prosesa inayoruhusiwa kutumika. Kwa Defender kiwango cha kawaida cha skani ya ratiba ni asilimia 50. Kwa mashine kongwe shusha hadi 20. Karani akiona kompyuta inakwama mbele ya foleni ya wakulima, atatafuta kijana wa mtaani aiondoe hiyo antivirusi. Na hakikisha mfumo unasoma saa za hapa. Ukisoma saa za UTC, zile za kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa 3.

Antivirusi mbili kwenye mashine moja, hapana. Chagua moja, na ile ya majaribio iliyokuja na laptopu iondoe kwa zana ya mtengenezaji wake.

Sasa jambo ambalo nakuomba ulichukulie kwa uzito kuliko yote ya juu. Mfumo huu ni ufunguo wa ofisi zote kwa pamoja. Tarehe 2 Julai 2021 wahalifu wa kundi la REvil walipitia mfumo wa Kaseya VSA, ambao ni wa kazi hii hii, wakafunga mafaili ya biashara zinazokadiriwa kufika 1,500. Supamaketi za Coop kule Uswidi zilifunga milango. Folda la wakala wa mfumo ule lilikuwa limesamehewa lisikaguliwe na antivirusi, na ndimo mlimopitishiwa shambulio. Muuza programu ya mahesabu akikuambia usamehe diski C nzima, mkatalie. Samehe faili au folda linalohitajika tu, na orodha ya misamaha uipitie mara kwa mara. Akaunti yako ya dashibodi iwe na uthibitisho wa hatua mbili, kila fundi na ya kwake. Na ruhusa ya mteja iwe kwenye karatasi yenye sahihi, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023.

Matoleo mapya ya antivirusi yapeleke kwanza kwenye mashine chache zilizo karibu nawe, nyingine zifuate baada ya siku mbili tatu. Apdeti mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, ya 19 Julai 2024 iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na nyingi zilihitaji mtu asimame mbele yake kuzitengeneza. Mashine isiyowaka hailetewi amri kwa mbali. Ikiwa Newala na wewe uko Mtwara mjini, ni safari ya zaidi ya kilometa 100, na foleni ya wakulima inasubiri.

Ukishamaliza kupanga, jaribu. Kuna faili la EICAR, maandishi ya herufi 68 yasiyo na madhara, ambayo watengenezaji wa antivirusi wamekubaliana kuyatambua kama kirusi. Liweke kwenye mashine ya mteja akijua, kisha shika simu yako usubiri. Tahadhari isipokufikia, kuna kiungo kimekatika, na ni afadhali ukitafute siku hiyo yenye utulivu.

Kabla mizani haijaanza kupima korosho, toa kwenye dashibodi orodha ya mashine zilizobaki na Windows 10. Microsoft iliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025, ila Defender yake itaendelea kupata apdeti hadi Oktoba 2028, hivyo mashine hizo zitaendelea kuonekana kijani huku mianya ya Windows yenyewe haizibwi, isipokuwa kwa mashine zilizoandikishwa kwenye apdeti za ziada za Microsoft (ESU). Iprinti orodha hiyo, umpelekee mwenyekiti wa bodi mkononi, mapema, kabla bajeti ya msimu haijapitishwa.