Metodi ya klasi: mahali pake ni wapi?

Ndugu, nimekuelewa: kwenye Python una klasi ya `Matatu` na hujui metodi zipi ziwekewe `@classmethod`, yaani alama ya kuifanya metodi ipokee klasi yenyewe (`cls`) badala ya gari moja (`self`). Kubadilisha nauli ya gari moja ni kazi ya `self`, iache hivyo. Kasheshe ni kuunda gari kutoka mstari wa faili lako, `"46,Kawangware,33"`, yaani namba, njia na viti. Gari bado halijaundwa, `self` utaitoa wapi? Hapo weka `@classmethod`, andika `kutoka_mstari(cls, mstari)`, uukate mstari kwenye koma, kisha urudishe `cls(namba, njia, int(viti))`. Usisahau `int`: mimi niliwahi kujumlisha viti "33" na "14" nikapata "3314", gari la kubeba mtaa mzima! Na usiandike `Matatu` mahali pa `cls`, la sivyo klasi ndogo `Nganya`, inayorithi `Matatu`, itakupa matatu za kawaida. Metodi isiyogusa `self` wala `cls`, itoe nje iwe funksheni tu.