Kanisa la Hija la Conques: Usiishie Mlangoni

Watu wengi wanaofika Conques, kijiji kidogo kilichojibana kwenye mteremko wa bonde kusini mwa Ufaransa, huenda moja kwa moja kwenye mlango wa magharibi wa Kanisa la Mtakatifu Foy, wakazipiga picha sanamu za Hukumu ya Mwisho zilizochongwa juu yake, wakachungulia ndani kwa dakika chache, kisha wakatafuta mahali pa kula. Nakusihi usifanye hivyo. Kanisa hili la mtindo wa Kiromaneski, yaani wa kuta nene na matao ya mviringo, lilijengwa kwa ajili ya watu waliotembea kwa miguu siku nyingi wakiwa na shabaha moja, kuyafikia masalia ya mtakatifu, yaani mabaki ya mwili wake, na atakayelielewa ni yule atakayelizunguka kama walivyolizunguka wao.

Kwanza jua umati huo ulifuata nini. Kwa mapokeo, Foy alikuwa binti mdogo wa mji wa Agen aliyeuawa kwa ajili ya imani mwanzoni mwa karne ya 4, Wakristo walipoteswa chini ya Kaisari Diocletian. Masalia yake yalibaki Agen hadi karne ya 9, ndipo mtawa mmoja wa Conques, kama inavyosimuliwa, alipokwenda kuishi na watawa wa huko miaka mingi mpaka wakamwamini na kumkabidhi ulinzi wa kaburi, naye akayachukua usiku na kuyapeleka kwenye monasteri yake. Leo tungeuita wizi bila kusita, lakini enzi zile wengi waliamini kwamba mtakatifu hahamishiki bila ridhaa yake. Conques ilipata wageni, sadaka na mashamba, na baadaye ikawa kituo kwenye njia inayotoka Le Puy kwenda Santiago de Compostela, mji wa hija ulioko Hispania. Kanisa la zamani halikutosha tena. Abate Odolric, aliyeongoza monasteri kuanzia 1031 hadi 1065, ndiye aliyeanza kulijenga hili tulionalo, na kazi kubwa ikakamilika mwanzoni mwa karne ya 12.

Ukifika, anzia nyuma. Panda hadi barabara ya juu ya kijiji, ulitazame kanisa kutoka mashariki, kwa kuwa kutoka hapo jengo hujieleza lenyewe: vikanisa vidogo 3 vya nusu duara vimejitokeza chini, juu yake yapo mapaa ya njia inayozunguka altare, juu zaidi ni ukuta wa sehemu ya altare yenyewe, na kileleni umesimama mnara wa pembe nane. Kila ngazi unayoiona nje ina chumba chake ndani. Shuka kisha usogee karibu na kuta utazame mawe, maana yapo ya chokaa ya rangi ya manjano, yapo ya mchanga yaliyokoza wekundu, na yapo ya kijivu yanayopasuka kwa matabaka, ambayo ndiyo mawe ya milima ya hapo na ndiyo pia yaliyoezeka nyumba za kijiji.

Unapoingia, usikimbilie katikati. Shika njia ya pembeni ya kuume na uifuate hadi mwisho. Utaona kwamba haikomi popote, bali inapita kwenye mkono wa kanisa, yaani sehemu inayokata ukumbi mfano wa msalaba, inazunguka nyuma ya altare, inagusa kila kikanisa, na kukurudisha mlangoni kwa upande wa pili. Huu ndio ufumbuzi mkubwa wa makanisa ya hija. Aliyewahi kuhiji Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni anajua umati wa waumini ulivyo pale kila mmoja anapotaka kufika penye masalia. Kwa mpango huu, mahujaji waliweza kupita kwa mzunguko mmoja huku watawa wakiendelea kusali zaburi katikati bila kukatizwa.

Ukimaliza mzunguko, simama katikati ya ukumbi mkuu na uinue macho. Hapa ndipo nakuomba utulie zaidi kuliko mahali pengine popote. Dari ni tao refu la mawe, na kilele chake kiko mita 22 hivi juu ya sakafu. Tao la namna hii halilemei chini tu. Husukuma kuta kwa nje mfululizo, usiku na mchana, na lisipozuiwa kuta hufunguka. Wajenzi walilizuia kwa ghorofa zilizo juu ya njia za pembeni, ambazo dari zake ni nusu tao zinazoegemea ukuta wa ukumbi na kuupokea ule msukumo, kisha kuushusha kwenye kuta nene za nje. Ndiyo sababu ukumbi mkuu hauna madirisha yake ya juu: mahali ambapo yangekaa pameshikwa na ghorofa hizo, na mwanga hufika katikati baada ya kupita pembeni. Mtu akikuambia makanisa ya Kiromaneski yana giza kwa sababu watu wa zamani walipenda giza, mwonyeshe dari hii.

Mwanga wenyewe una historia yake. Kati ya 1987 na 1994 mchoraji Pierre Soulages, mzaliwa wa Rodez, mji ulio karibu, alitengeneza vioo vya nafasi zote 104 za madirisha, visivyo na picha wala rangi, vyenye mistari myeusi tu. Wapo wanaovilalamikia. Mimi naviona ni vya heshima kuu, kwa kuwa mawe yanabaki kuwa na neno la kwanza.

Kabla ya kutoka, tazama vyuma vinavyozunguka sehemu ya altare, vilivyopindwa kama mikunjo ya mizabibu. Mapokeo yanasema vilifuliwa kutokana na minyororo iliyoletwa na wafungwa waliomshukuru Foy kwa kuwekwa huru. Ikumbuke minyororo hiyo, kwa sababu utakutana nayo tena nje.

Sasa nenda mlangoni, ikiwezekana alasiri, kwa kuwa mlango unaelekea magharibi na jua la saa kumi huamsha mabaki ya rangi za kale kwenye sanamu 124 zilizochongwa pale. Kristo yuko katikati, mkono wa kuume umeinuliwa, wa kushoto umeshushwa. Chini yake roho zinapimwa kwenye mizani. Upande wa Jehanamu yupo bahili aliyenyongwa na mfuko wa fedha shingoni. Upande wa waliobarikiwa, tafuta umbo dogo lililoinama kifudifudi mbele ya mkono wa Mungu unaotoka mawinguni: huyo ndiye Foy, na nyuma yake, chini ya matao, imetundikwa minyororo. Pembezoni kabisa, vichwa vidogo vinachungulia kutoka nyuma ya ukingo wa jiwe. Maandishi ya Kilatini huwaonya wenye dhambi kwamba wasipogeuza mwenendo, hukumu nzito inawangoja.

Usiondoke bila kuingia kwenye hazina, penye sanamu ya Foy iliyovikwa dhahabu na vito, yenye urefu wa sentimita 85 hivi. Ipo hadi leo kwa sababu wanakijiji waligawana vitu vya hazina na kuvificha wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, kisha wakavirudisha.

Ukiwa na siku ya ziada, nenda Toulouse ukalione Kanisa la Saint-Sernin, ambalo Papa Urban II aliliweka wakfu mwaka 1096 ujenzi ukiwa bado unaendelea. Lina urefu wa mita 115 hivi, wakati lile la Conques, lililobanwa na mlima, lina kama 56. Anza tena kwa njia ya pembeni ya kuume, na utaona kwamba tayari unaijua.